Rafiki anatutunzia hesabu: tumulipe ao tumushukuru tu?

Siku ya Yenga moja, kisha misa, tulikusanyika watu 40 hivi hapa Mbau, nyuma ya masomo. Hakukuwa furaha. Mama mumoja mujane alikuwa amekaa ku benchi ya mbele, mutoto ku mugongo. Bwana yake alikuwa mwenzetu. Udongo ulimwangukia ndani ya shimo, hakutoka muzima. Kila mwezi alikuwa analipa franga ndani ya kese yetu ya kusaidiana, na mama alikuja kuomba haki yake. Aliuliza neno moja tu: «Bwana yangu aliacha franga ngapi?»

Hakuna hata mumoja wetu mwenye alijua kumujibu.

Kaye ya hesabu ilikuwa pale ku meza. Lakini ilikuwa imeandikwa mpaka mwezi wa pili, na sisi tulikuwa tayari mwezi wa saba.

Mwenye alikuwa anaandika ile kaye ni rafiki yetu. Tulisoma naye sekondari. Yeye aliendelea na mambo ya biashara kule Butembo, sisi tukaingia ku mashimo. Leo anatunza hesabu za maduka mbili tatu za Beni, na hapo njo anatoa bugali ya watoto wake. Hesabu yetu alikuwa anaifanya bure, juu sisi ni marafiki. Anapanda pikipiki kutoka Beni, kilometa kama 20, anafika, anakaa saa mbili ao tatu na makaratasi, anarudi. Sisi tunamutolea Primus moja, na ku Noeli tunamupa kuku. Tulikuwa tunajiona watu wazuri.

Siku ile maneno yakaanza ku benchi za nyuma. «Amekula.» «Mwenye kushika biki anajipimia mwenyewe.» Sisi wa sendika, wenye kazi yetu ni kusimamia haki ya kila mutu, hatukusema kitu. Hata mubaya zaidi: ni sisi tulimwandikia ujumbe mukali ku telefone, kumwambia aje ajibu mbele ya watu.

Alikuja. Hakubishana. Alifungua mufuko wa plastiki na kuweka ku meza makaratasi ya miezi tano, yote, yakiwa yamefungwa na kamba mwezi kwa mwezi. Tulikaa naye watu watatu, usiku mbili, na toroshi. Tulihesabu, tukahesabu tena. Hakukosa hata franga moja. Kazi yenye ilibaki ni kupitisha makaratasi ndani ya kaye na kupiga jumla. Na ku ukurasa wa nyuma, na kalamu ya risasi, alikuwa ameandika kidogo kidogo franga zake mwenyewe zenye zilitoka juu yetu: pikipiki, fotokopi, inite za telefone. Kwa miaka mbili, dola 58. Hakuwahi kutuomba. Tulimwita mwizi, kumbe deni lilikuwa letu.

Tulimuuliza: basi juu ya nini uliacha kaye miezi tano? Alitujibu pole pole: «Wakubwa, patron wa duka ananilipa. Akiniambia kesho saa mbili, ni kesho saa mbili. Nyinyi munaniambia ukipata nafasi. Sasa, sikupata nafasi.»

Mama mujane alingojea wiki saba mpaka hesabu ya bwana yake ipatikane. Ndani ya zile wiki aliuza redio na paneli ya jua ya nyumba yake. Hiyo njo bei ya kazi ya bure. Sisi hatukuilipa, ni yeye aliilipa.

Tunalipa kila mutu, rafiki njo tunamuacha

Ndugu wachimbaji, tuangalie vile tunaishi. Mwenye pompu ya maji, tunamulipa. Mama mwenye kuponda mawe, tunamulipa. Mwenye kutupikia ku karyeri anaandika deni letu, na siku ya zahabu anachukua yake ya kwanza. Mununuzi wa zahabu hatuoni tukimulipa, lakini anajilipa ku mizani: kwa tola, yenye ni gramu 11,66, na kwa vipimo vidogo vya njiti ya kiberiti na franga ya chuma ya zamani. Ku kila kipimo kuna kipande chake. Tukitoa franga ku M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, kampuni inakata yake mbele tuguse yetu. Mwenye kubadilisha dola ku kando ya barabara naye anakata. Hakuna mwenye anaitwa mwizi juu ya hiyo.

Lakini mutu mwenye anatumia siku nzima ili zile franga zisipotee, yeye anapewa soda na «aksanti sana».

Tunajua kwenye haya inatoka. Kwetu, kumutajia rafiki bei ni kama kumufungia mulango. Kuna mambo yenye hayana bei, na hatutaki yapate bei: kuchimba kaburi, kubeba mugonjwa mpaka Oicha, kupeleka unga ku nyumba yenye kilio. Lakini tufikiri juu ya rafiki mwenye ni seremala. Siku ya kilio anakuja kupigilia sanduku la maiti bila kuuliza kitu, na haki yake ni hiyo. Ukimwambia atengeneze milango ya nyumba 30, ile ni kazi, hata kama alikusimamia ku ndoa. Hesabu ya kese inarudia kila mwezi, inakula siku yake, na ni ufundi wenye alisomea. Iko upande wa milango.

Sheria iliona jambo hili tangu zamani

Wengi hawajui kama sheria yetu inasema juu ya jambo hili. Ndani ya kode sivile, kitabu cha tatu, chenye kinatoka ku dekre ya tarehe 30 Mwezi wa Saba 1888 na kingali kinatumika, imeandikwa kama mutu akipewa kazi ya kushugulikia mambo ya mwengine kwa jina lake, anaifanya bure, isipokuwa kama wamepatana namna ingine. Maana yake: ukinyamaza, ni bure.

Halafu ile sheria inaongeza neno lenye lilitushangaza. Yule mutu akikosea kazi, kosa lake linapimwa kwa upole zaidi kama alikuwa anafanya bure kuliko kama alikuwa analipwa. Tusome vizuri. Mwizi ni mwizi, kulipwa ao kutolipwa, hiyo haibadilike. Lakini kuchelewa, kusahau, kupiga jumla vibaya, kuacha kaye miezi tano: hapo muzuzi atauliza mbele ya yote, «Mulikuwa munamulipa?» Na sisi tutaangalia chini.

Kumbe kulipa hakufanyi rafiki awe mutu wa njia. Kunatupa sisi haki ya kuuliza: kazi iko wapi? Na kunamupa yeye haki ya kutuambia: leteni makaratasi kwa wakati. Sheria ile ile inasema pia kama mapatano yenye yamefanywa sawasawa yanakuwa ni sheria kwa wale wenye waliyafanya. Karatasi moja yenye kutiwa mukono inatosha kuanza.

Juu ya nini jambo hili haliwezi kungojea

Zamani, kaye ya hesabu ilikuwa jambo letu sisi tu. Leo hapana. Kode ya mine ya 2002, vile ilibadilishwa tarehe 9 Mwezi wa Tatu 2018, inaomba muchimbaji wa mikono awe na karte yake na awe ndani ya koperative yenye kukubaliwa na serikali. Na koperative ziko chini ya sheria ya OHADA, yenye ilipitishwa Lomé tarehe 15 Mwezi wa 12, 2010. Kongo iliingia ndani ya OHADA tarehe 12 Mwezi wa Tisa 2012. Watu 5 wanatosha kuanzisha koperative rahisi. Lakini kila mwaka, mbele miezi 6 haijapita kisha mwaka wa hesabu kufungwa, mukutano mukubwa wa memba unapaswa kuona hesabu na kuikubali ao kuikatala.

Tunajua sisi wote koperative za jina: karatasi moja, kashe moja, na mukubwa mumoja mwenye kutembea nayo ndani ya mufuko. Mutu wa chini anaweza kuijua namna gani? Aombe kuona hesabu. Na kama kuna mwenye anaandika hesabu, aulize: huyu anakula kwa nani? Kama ni prezida mwenyewe anamupa kitu chini ya meza, basi ni rafiki wa prezida. Kama ni memba wote wanamulipa, bei ikijulikana na mukutano ukiikubali, anajibu kwa memba wote. Hatusemi tu alipwe. Tunasema alipwe mbele ya watu, na watu wote.

Kuna jambo ingine la kwetu. Tangu Mwezi wa Kumi 2014 tunazika watu wetu huku Beni. Tangu tarehe 6 Mwezi wa Tano 2021 tuko ndani ya état de siège. Hapa Mbau kila nyumba inajua kukimbia na matela ku kichwa. Siku ya kukimbia, nani anakumbuka kaye? Kazi ya mutu wa hesabu huku kwetu ni pia kutunza kaye ya pili mbali na hapa, na kupiga foto kila ukurasa kila mwezi. Hiyo huwezi kuiomba na Primus.

Tumulipe namna gani

Tunawaambia yenye tulijifunza, na makosa yetu ndani.

Kwanza, tumulipe kwa kazi yenye kujulikana: mwezi moja, bei moja. Ku shimo tumezoea kugawana muchanga, kila mutu fungu lake. Mutu wa hesabu asilipwe hivyo. Akilipwa kwa fungu la zahabu, anakuwa mwenye mali ndani ya mali yenye anahesabu. Na shimo likikauka, hesabu nayo inakauka, wakati ule ule wenye tunaihitaji zaidi. Asilipwe pia kwa asilimia ya franga zenye ziko ndani ya kese. Atapenda ziikae pale, kumbe mujane anazihitaji leo.

Pili, kama anataka kutusaidia juu ya urafiki, aandike musaada wake. Yeye rafiki yetu aliandika: kazi, dola 30 kwa mwezi, zawadi kwa marafiki, dola 5, ya kulipa, dola 25. Ile mustari wa katikati ni muzuri sana. Unaonyesha kazi iko na bei gani, na unaonyesha urafiki uko na bei gani kwake. Siku atashindwa kuendelea, tutajua mutu mwengine atatuomba ngapi. Pikipiki inalipwa kando, na karatasi yake.

Tuko 62 ndani ya kese. Dola 25 tukigawanya kwa watu 62, ni senti 40 za dola kwa mutu. Haifikie bei ya chupa moja ya pombe kwa mwezi. Wale wenye walilalamika zaidi, tuliwaomba wahesabu chupa.

Tatu, mwenye kuandika asishike funguo. Wamama wa AVEC wanajua hiyo kutupita. Ile namna yao ya kuweka akiba ilianzia Niger mwaka wa 1991, na sanduku lao liko na kofuli tatu zenye kushikwa na watu watatu. Rafiki akishika biki na funguo pamoja, tunamuweka ndani ya majaribu, na tunamuweka pia ndani ya masengenyo. Hata akiwa malaika, watasema.

Ine, analipwa siku ya kazi, na anatia mukono kama amepokea. Kuchelewesha mushahara wa rafiki juu «yeye ataelewa» ni kurudia kule kule tulitoka.

Tano, mara moja kwa mwaka, jicho la mutu mwengine mwenye si rafiki yake wala si rafiki ya komite. Na tusichanganye majina. Mutu mwenye alisomea biashara anaweza kututunzia kaye vizuri kabisa. Lakini kutia mukono rasmi kama hesabu za koperative kubwa ni za kweli, ile ni kazi ya mutaalamu mwenye kuandikwa ndani ya Ordre national des experts-comptables, yenye iliundwa na sheria ya tarehe 12 Mwezi wa Pili 2015. Rafiki muzuri atawaambia yeye mwenyewe kwenye ufundi wake unafika.

Kuna wenye watasema mambo ya kulipa ni ya wazungu. Hapana. Huku karibu na sisi, Kenya, Uganda na Tanzania, shirika la Catholic Relief Services lilifundisha watu wa vijijini wenye wanasaidia vikundi vya akiba, na wanalipwa na vikundi vyenyewe, si na mradi. Mradi unaisha, magari yanarudi, lakini mutu mwenye kulipwa na kikundi anabaki, juu kazi yake iko pale.

Maneno yenye tulisikia ku mukutano

«Tukimulipa yeye, kesho prezida naye ataomba.» Prezida ni mwenzetu, tulimuchagua, anatunza kitu chake pamoja na chetu. Mutu wa hesabu hana fungu ndani ya kese. Anatuuzia ufundi. Gharama za safari za prezida tumurudishie kwa karatasi. Hiyo ni jambo ingine.

«Sisi ni masikini.» Ni kweli. Ni juu ya hiyo hatuwezi kupoteza. Tajiri akipoteza kaye, anacheka. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee wa Kiswahili walisema, na mali ya masikini inapotea mbio zaidi.

«Urafiki utaisha.» Hii njo tuliogopa zaidi. Lakini tulikaribia kuupoteza wakati wa bure, si wakati wa kulipa. Ni wakati wa bure watu walimwita mwizi. Ni wakati wa bure alikuwa anapita njia ya nyuma asikutane na sisi, juu ya haya ya kaye yenye haijaandikwa, na sisi tukisema anajificha na franga zetu.

Kuna pia wakati wa kutomuchukua rafiki hata kidogo. Kama ni shemeji wa prezida, hapana. Kama anaandikia mununuzi wa zahabu yetu, hapana. Kama hamuwezi kumukaripia mbele ya watu, hapana pia. Mutafute mugeni, mumulipe bei nzima, na rafiki abaki rafiki.

Vile tulimaliza

Mama mujane alipata haki yake: dola 147. Tulimuhesabia mbele ya mukutano. Alipopokea, aliomba karatasi yake mwenyewe yenye kuandikwa jina la bwana yake, siku zenye alilipa, na jumla. Alisema watoto wakikua wataiona. Hatukuwa tumefikiri kumupa. Sasa kila memba anapata yake kila miezi sita, na kuiandika kumeingia ndani ya kontra.

Dola 58 za rafiki yetu tulimurudishia mara tatu. Juu ya neno la «mwizi», tulimuomba radhi ku mukutano ule ule kwenye lilisemwa, juu neno lenye lilisemwa mbele ya watu haliwezi kuondolewa chini ya mwembe. Hakujibu mingi. Alisema tu: leteni makaratasi mbele ya tarehe 5.

Ku mukutano wenu wenye unakuja, ulizeni mambo matatu, hata kama watakasirika: nani anaandika hesabu yetu, nani anamulipa, na mara ya mwisho jumla ilipigwa siku gani? Kama hakuna jibu, musitafute mwizi mbio. Mutafute kwanza kama kuna rafiki mwenye mumemuchosha.

Mwezi uliopita alifika saa mbili kamili, kaye ku mukono, na hakutukuta. Tulikuwa tungali tunakunywa chai ku kilabu. Alitukaripia sana, mbele ya watu wote. Tulilipa chai, tukamufuata.